Nani Amchagulie Kijana Kazi Yake?

Mwezi huu nataka kuweka mbele yenu swali moja ambalo wengi hulidhani dogo, kwa kuwa hujibiwa nyumbani mwetu kila mwaka, tena upesi, kabla chai haijapoa. Kijana yu kidato cha nne. Ametakiwa aandike masomo atakayoyasoma akifaulu. Anakuja kwa mzazi, au kwa mwalimu, au kwa mwinjilisti wa mtaa kwa kuwa ndiye mtu wa karibu aliyezoea karatasi, anauliza, "Niandike nini?" Nasi twamjibu. Basi swali langu ni hili: tunapomjibu, twampa kitu, au twamnyang'anya?

Sisemi haya kwa kumlaumu mtu, ila mimi mwenyewe.

Miaka kadhaa iliyopita alinijia kijana mmoja wa upande wa ziwani, si mbali na mji wa Musoma, mwana wa mvuvi. Alinipa shikamoo, akaketi, akanyosha ile karatasi kwa mikono miwili. Alikuwa kijana wa akili. Kwa hesabu hapana aliyempita darasani. Nami bila kufikiri sana nikamwambia, "Andika PCB," yaani Fizikia, Kemia na Biolojia, "upate kuwa daktari. Mtaa wetu haujatoa daktari bado." Akainama, akaandika. Siku ile nalilala kwa furaha, kama mtu aliyetoa sadaka kubwa.

Akafaulu, akapelekwa shule ya mkoa mwingine. Ada ya kidato cha tano na cha sita ilikuwa haijaondolewa wakati ule. Iliondolewa mwaka 2022. Baba yake akauza ng'ombe watatu kwa ada, na godoro, na sare, na nauli, na masomo ya ziada wakati wa likizo. Miaka miwili ikapita. Matokeo ya kidato cha sita yalipotoka, kijana alikuwa na daraja la nne, na njia ya udaktari ikawa imefungwa. Akarudi kwao. Kwa muda wa miezi mingi alikuwa akipita njia za nyuma asikutane na watu wa ibada.

Leo ni fundi wa injini za mitumbwi mwaloni, na wavuvi humtafuta toka mbali. Siku moja nalikwenda kununua samaki nikamkuta, mikono yake imejaa grisi hata viwikoni. Nikamwambia kwa haya ya kuwa nasikitika kwa shauri nililompa. Akanitazama, akasema, "Mwalimu, toka darasa la sita nalikuwa nikifungua na kufunga injini ya baba. Sikukuambia kwa kuwa hukuniuliza." Hakusema kwa hasira. Akaniuliza habari za wajukuu, kisha akarudi kwenye injini yake.

Nimelichukua neno lile nyumbani, nalo halijaniacha.

Mtu aweza kunifariji akisema, "Hilo si kosa, ni bahati mbaya. Kama angalifaulu, ungalisifiwa." Ni kweli ningalisifiwa. Lakini nikijipima sana naona ya kuwa kosa langu halikuwa katika matokeo. Hata kama leo angekuwa daktari mwenye jina, ningekuwa nimemkosea vilevile, ila asingejua mtu. Maana mimi katika ujana wangu nalitamani udaktari, nikashindwa na kemia. Nalipomwona mtoto mwenye kichwa chepesi, nikaona kichwa cha kuimaliza kazi yangu mimi. Deni langu nikamtwika yeye, na baba yake akalilipa kwa ng'ombe. Na tazameni jinsi jambo hili lilivyovikwa vazi zuri! Nalitaja mtaa, nalitaja haja ya wagonjwa, wala sikusema uongo hata neno moja.

Hapa kwetu Mara tunayo habari moja ambayo kila mtu huisikia, ila nadhani sehemu yake iliyo bora twaipita upesi. Kambarage, mwana wa mtemi Burito Nyerere wa Butiama, alizaliwa mwaka 1922, wala hakutiwa shuleni mapema. Alichunga mifugo kama watoto wenzake. Wazee husimulia ya kuwa mtemi Makongoro wa Ikizu, nchi ambayo leo imo katika Bunda, alikuwa akija kwa Burito na kucheza bao. Akacheza na yule mtoto, akaona jinsi anavyohesabu kete na kuona mbele, ndipo akamshauri baba yake ampeleke shule. Mwaka 1934 mtoto akaenda Mwisenge, mjini Musoma, mwendo wa yapata kilometa 40 kutoka kwao. Toka Mwisenge akaenda Tabora mwaka 1937, toka Tabora akaenda Makerere mwaka 1943, na mwaka 1949 akavuka bahari kwenda Edinburgh. Yaliyofuata mwayajua.

Tulizoea kuisimulia habari hii kwa ajili ya mwisho wake, kana kwamba mzee wa Ikizu alimwona rais katika bao. Mimi nasema hakumwona. Mwaka ule hapakuwa na mtu aliyeweza kuota kitu kama rais wa Tanganyika. Alichokiona ni mtoto mwenye akili ya namna fulani, akili yake mwenyewe, nayo ilikuwa ikifanya kazi mbele ya macho yake, juu ya ubao wa mchezo. Akasema, mfungulieni mlango huu. Hakusema mlango huo umpeleke wapi. Tena tuangalie jambo hili: alikuwa ameketi chini na mtoto, wanacheza. Alimjua kabla ya kumshauri. Mimi yule wangu wa ziwani nilimjua kwa maksi zake tu.

Na Mwalimu Nyerere mwenyewe, alipokwisha kusoma, hakufika pale alipopanga. Alisomea ualimu, akafundisha Tabora, na baada ya kurudi kutoka Uingereza mwaka 1952 akafundisha Pugu. Mwaka 1955, TANU ikiwa haijatimiza mwaka mmoja, ilimpasa achague kati ya darasa na siasa, akaacha mshahara, akarudi Butiama pamoja na mke wake na mtoto. Alikuwa akisema baadaye ya kuwa ualimu aliuchagua, bali siasa ilimjia tu. Na watu wakamwita Mwalimu hata alipokufa mwaka 1999. Basi mtu akiniambia ya kuwa ameupanga mwendo wote wa mtoto wake, toka kidato cha kwanza hata kustaafu, namsikiliza kwa heshima lakini simwamini.

Sasa nasikia sauti ya pili, nayo ni ya haki kuisikiliza. Yasema, "Kama ni hivyo, tuwaache wachague wenyewe." Ndugu zangu, hilo nalo ni jibu la mtu mvivu. Kijana wa miaka 17 huchagua katika vile alivyoviona. Na katika vijiji vyetu ameviona vingapi? Amemwona mwalimu, muuguzi, askari polisi, dereva wa basi na mwenye duka. Akikaa karibu na Buhemba amewaona watu wakishuka mashimoni kutafuta dhahabu, na mmoja katika wengi akapanda na pikipiki mpya. Huyo ndiye atakayemkumbuka, wala si wale waliopanda mikono mitupu. Akisema, "Nataka mgodi," je, amechagua yeye, au ile pikipiki imemchagulia? Kumwacha mtu njia panda usiku na kumwambia, "U huru, nenda upendako," huko si kumheshimu.

Kwa hiyo naona ya kuwa kazi ya mzazi na mwalimu iko mahali pengine kabisa. Yetu ni kuwasha taa, ili kijana azione njia zote na mashimo yake, naye aende kwa miguu yake. Na taa hiyo haiwashwi kwa maneno matamu. Huwashwa kwa habari za kweli, zilizoletwa mapema. Hapo ndipo wengi wetu tumelegea. Twajua kuonya, hatujui kueleza.

Chukueni hizo tahasusi, yaani yale mafungu ya masomo matatu ambayo mwanafunzi huyachagua. Mwaka 2024 ziliongezwa hata zikafika 65. Mzazi aliyesoma zamani anazijua sita au saba, naye hushauri kwa hizo sita au saba. Na kila fungu ni mlango unaofunguka upande mmoja na kufungwa upande wa pili. Aliyechukua Historia, Kiswahili na Kiingereza aweza kuwa mwanasheria au mwandishi wa habari, lakini chuo cha udaktari hakimpokei. Aliyechukua Fizikia, Kemia na Hisabati aweza kuingia uhandisi, na bado akiamua kusoma mambo ya fedha ataweza. Je, yule kijana wangu alijua ya kuwa kwa kuandika herufi tatu alikuwa akifunga milango mingine? Hakujua. Wala hakujua ya kuwa matokeo ya kidato cha nne yakiisha kutoka, mwanafunzi hupewa muda wa kuyabadili aliyoyaandika. Nami sikujua. Nalitoa shauri juu ya jambo nisilolijua, na hilo ndilo kosa langu la pili.

Tena ziko njia ambazo twazitaja kwa sauti ya chini, kana kwamba ni za waliofiwa. Mjini Musoma kipo chuo cha VETA. Kisangwa, katika Bunda, kipo Chuo cha Maendeleo ya Wananchi, cha namna ile iliyoanzishwa katika nchi yetu mwaka 1975 kwa mfano wa watu wa Sweden. Bunda kipo chuo cha ualimu. Butiama pamewekwa Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia chenye jina la Mwalimu Nyerere. Na toka Januari 2024 mtaala mpya umeweka mkondo wa amali katika sekondari, mwanafunzi apate kujifunza ufundi toka kidato cha kwanza. Lakini mpeleke mtoto VETA uone jinsi majirani watakavyokupa pole! Martin Luther alifundisha ya kuwa kazi ya fundi viatu na ya mama anayelea ni wito, sawasawa na kazi ya padre. Nasi tunaojiita kwa jina lake twasadiki hivyo Jumapili, hata matokeo ya mtihani yatoke.

Sina budi nitaje na habari ya mikopo, ijapokuwa yaonekana ni jambo la ofisi wala si la maadili. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu ilianzishwa kwa sheria ya mwaka 2004. Mwenye kuomba hutakiwa cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA, na aliyefiwa na mzazi hutakiwa cheti cha kifo. Dirisha la maombi hufunguliwa kwa muda, kisha hufungwa. Katika vijiji vyetu wako watoto wengi ambao vyeti vyao havikutafutwa walipozaliwa, na mayatima ambao kifo cha baba yao hakikuandikwa popote ila katika mioyo ya watu. Kijana wa namna hiyo akifaulu vizuri ataanza kutafuta cheti mwezi ule ule ambao wenzake wanapeleka maombi. Nawauliza basi: mwinjilisti aliyemzika baba yule, akajua ya kuwa mtoto yu kidato cha pili, naye asiseme neno juu ya cheti, je, hana sehemu yake katika kukosa kwa mtoto? Mimi nadhani anayo. Ujinga wetu juu ya mambo madogo huwaangusha watoto kuliko ubaya wa watu wabaya.

Nimefika sasa penye jambo lililo gumu, nalo ni wale ng'ombe watatu.

Mtoto wa kwetu hasomi peke yake. Shangazi ametoa mbuzi, kaka ameacha shule ili mdogo wake aendelee, ukoo umekaa na kukubaliana. Watu hao wana haki, na asemaye hawana haki hajui maisha ya watu. Mwaka 1964 Mwalimu Nyerere alitoa mfano wa kijiji chenye njaa ambacho watu wake walimpa mtu mmoja chakula chote kilichobaki, apate nguvu ya kwenda mbali na kuwaletea chakula. Asiporudi na kitu, alisema, mtu huyo ni msaliti. Na tarehe 22 Oktoba 1966, wanafunzi wa chuo kikuu walipoandamana Dar es Salaam kwa kuikataa sheria ya kujenga taifa na kukatwa mishahara, aliwarudisha makwao karibu 400, akapunguza na mshahara wake mwenyewe kwa sehemu ya tano. Hakuwa mtu wa kucheza na deni hilo.

Lakini tuutazame mfano wake vizuri. Wanakijiji wanamdai yule mtu chakula. Je, wanamdai na njia? Walimwambia apite mlima gani na avuke mto gani? Nadhani wasingekuwa na akili kumwambia hivyo, maana wao wamekaa kijijini, hawakuona njia. Haki ya ukoo ni kupokea msaada kwa mtoto wao, haki hiyo haifiki hata kumwambia, "Utusaidie ukiwa daktari tu." Fundi wangu wa mwaloni anamlipia dada yake masomo, na injini ya baba yake haijalala nchi kavu hata siku moja kwa kukosa fundi. Je, deni halilipwi?

Mtu mmoja wa usharika, nilipomwambia maneno haya, alinijibu kwa ukali: "Basi kila mtu akifuata moyo wake, nani atakuja kuwa muuguzi kijijini?" Sikuwa na jibu upesi, na hata leo jibu langu lina upungufu. Nalimwambia ya kuwa haja ya kijiji ni habari ya kweli, nayo impasa kijana kuijua kama anavyopaswa kujua habari ya ada na ya tahasusi. Mwelezeni. Mpelekeni zahanati akae siku nzima, aone foleni ya kina mama. Pengine moyo wake utashikwa hapo. Ila asiambiwe kwa namna ya kumfunga, kwamba akikataa amekuwa mtoto mbaya. Yule ndugu akatikisa kichwa, akasema mimi nimezeeka. Yawezekana.

Kwa watoto wa kike neno hili ni zito zaidi, maana wao mara nyingine hawachaguliwi masomo bali huchaguliwa mume. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 iliruhusu msichana aozwe na miaka 15 kwa idhini ya mzazi. Mahakama Kuu mwaka 2016, na Mahakama ya Rufani mwaka 2019, zilisema vifungu hivyo havipatani na Katiba. Toka Novemba 2021 msichana aliyezaa aweza kurudi shuleni. Lakini bado ziko nyumba za kuwahifadhi wasichana katika wilaya za Butiama na Serengeti, nao hukimbilia humo wakati wa ukeketaji, kwa kuwa ng'ombe wa mahari wamekwisha hesabiwa. Baba anayemwoza binti yake wa kidato cha tatu huamini ya kuwa anajua mema yake. Mimi niliyeandika PCB kwa kinywa changu naliamini vivyo hivyo. Mizani ya makosa haya si moja, najua. Lakini mzizi wake naujua kwa kuwa nimeuona ndani yangu.

Wiki mbili zilizopita akaja binti wa jirani, anasoma Bunda, yu kidato cha nne. Akaleta karatasi yake na kuuliza lile lile: "Mwalimu, niandike nini?" Mke wangu akanitazama kutoka jikoni, maana anajua habari yote. Nikaiweka karatasi juu ya kabati, nikamwambia aketi anieleze siku yake inavyokuwa asiposoma. Akacheka kwanza, akaona haya. Kisha akaanza kusema juu ya bustani ya mama yake, na jinsi alivyopima udongo wa sehemu mbili kwa kupanda nyanya za mbegu moja, akaandika katika daftari zipi zilizooza na kwa sababu gani. Alisema kwa muda mrefu. Nikamwuliza kama amepata kusikia ya kuwa kilimo chafundishwa hata chuo kikuu, na ya kuwa fungu la Kemia, Biolojia na Jiografia laweza kumfikisha huko. Akasema hakujua, alidhani kilimo ni adhabu ya waliofeli.

Karatasi ingali juu ya kabati. Amesema atamleta mama yake Jumamosi, pamoja na lile daftari la nyanya, nami nimemtuma kijana mmoja Bunda mjini akaulize habari za cheti chake cha kuzaliwa.